Waraka kwanza, mashine baadaye

Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianzisha mjini Kasongo, kusini mwa Maniema, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mradi wa afya ambao wasomi wa afya ya jamii wanautaja hadi leo. Swali la mradi huo lilitokana na hali ya mahali penyewe: madaktari wachache, barabara mbovu, dawa za kuhesabu, na muuguzi mmoja kijijini anayetegemewa na umati. Ifanyweje ili mgonjwa wa mjini na yule wa kijiji cha mbali wapate tiba ya kiwango kimoja? Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa maandishi. Namna ya kumchunguza na kumtibu mgonjwa iliandikwa hatua kwa hatua: akija na dalili hii, muulize hivi, mpime vile, ukikuta hiki, mpe dawa hii, ukikuta kile, mpeleke hospitali. Maelekezo yakapimwa kwa kazi, na kazi ikayasahihisha. Mfumo wa zoni za afya ulioenea Zaire nzima, jina la Kongo wakati huo, katika miaka ya 1980, na ambao leo una zoni 519, 18 kati ya hizo zikiwa Maniema, ulichota mengi kutoka Kasongo.

Funzo hilo la wauguzi sasa linawahusu watu wa kompyuta. GitHub Copilot ilipotolewa kwa majaribio Juni 2021, kazi yake kubwa ilikuwa kumalizia mistari ambayo mwandishi wa programu ameianza. Kufikia 2025 wasaidizi wa akili unde walikuwa wakifungua mafaili wenyewe, wakiandika programu nzima, wakiiendesha na kurekebisha makosa yake. Kijana wa mjini Kindu au Bukavu mwenye kompyuta moja na intaneti ya kuokoteza anaweza leo kuomba programu ya daftari la chanjo kwa ajili ya zoni ya Kabambare, akaipata kabla ya chakula cha mchana. Itafunguka, itakuwa na rangi nzuri na vitufe vinavyobonyezeka. Kama inafaa kwa kazi ya Kabambare ni jambo jingine kabisa. Msimbo, yaani ile lugha ambayo kompyuta inaifuata, umekuwa rahisi kupatikana. Kilichobaki ghali ni makubaliano ya watu kuhusu kile ambacho msimbo huo unapaswa kufanya. Kwa hiyo anayetaka programu ya kutegemewa aanze na vitu viwili ambavyo havina mvuto wowote: waraka wa mahitaji unaoeleza programu ifanye nini, na daftari la mabadiliko linaloonyesha nani alibadilisha nini, lini na kwa sababu gani.

Mashine haiulizi

Tuchukue hilo daftari la chanjo. Ukimwambia msaidizi wa akili unde "nitengenezee programu ya kuandikisha watoto wa chanjo" bila kuongeza neno, huenda akatengeneza fomu yenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa, isiyoruhusu kuendelea mpaka nafasi hiyo ijazwe. Hilo ndilo lililo la kawaida katika programu nyingi za dunia ambazo mashine imejifunza kwazo. Lakini katika vijiji vya Kasongo na Kabambare wako akina mama wengi waliojifungulia nyumbani, ambao wanakumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga, na hawana karatasi yenye tarehe. Muuguzi mwenye foleni ya watoto arobaini hatasimamisha kazi kwa sababu ya kisanduku kitupu. Ataandika tarehe 1 Januari na kusonga mbele. Baada ya miezi michache zoni itaonekana kana kwamba watoto wake huzaliwa siku ya mwaka mpya. Kwa kuwa dozi ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, programu itaanza kuwaita watoto ambao muda wao haujafika na kuwaacha waliochelewa. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni sentensi moja ambayo hakuna aliyeiandika.

Majina nayo yana mtego wake. Programu iliyojengwa kwa mazoea ya Ulaya na Marekani huwa na visanduku viwili, jina la kwanza na jina la ukoo. Mkongomani, tangu siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ana jina, jina la nyongeza na, akipenda, jina la ubatizo au la Kiislamu, na mpangilio wake hutofautiana kutoka kadi moja hadi nyingine. Mtoto yuleyule ataandikishwa mara mbili kama watu wawili. Hata jina la mahali halisalimiki: mji wa machimbo ulioko wilaya ya Kabambare huandikwa Salamabila, ilhali zoni ya afya inayobeba jina hilohilo huandikwa Saramabila. Kwa mwenyeji ni mahali pamoja. Kwa kompyuta, herufi moja inatosha kupeleka takwimu za miezi mingi kusikojulikana.

Waraka wa mahitaji unayamaliza mambo haya kabla hayajawa hasara, na hauhitaji ufundi wa ajabu. Unaweza kusomeka hivi: "Tarehe ya kuzaliwa isipojulikana, muuguzi achague mwezi au msimu, programu iweke alama kwamba umri ni wa kukadiria. Umri wa kukadiria usitumike kumkatalia mtoto chanjo. Muuguzi ndiye atakayeamua. Mtoto atambuliwe kwa majina matatu, jina la mama na kijiji. Salamabila na Saramabila zihesabiwe kuwa zoni moja." Chini ya kila kanuni kunawekwa mfano wa kuipima: mtoto wa kubuni, aliyezaliwa msimu wa mpunga, ameletwa kituoni Novemba, programu ionyeshe nini? Msaidizi wa akili unde akipewa maandishi ya namna hii, kazi yake hubadilika. Hapo awali alikuwa akikisia nia ya mtu kutokana na mistari miwili. Sasa ana kanuni za kufuata na mifano ya kujipimia, na mtu naye ana mahali pa kusimama anaposema hili si tulilokubaliana.

Hapa ndipo muuguzi wa Kasongo na msaidizi huyu wanapotofautiana, na tofauti hiyo inaongeza uzito wa waraka. Muuguzi akifika mahali ambapo maelekezo hayasemi kitu, anajua kwamba hajui. Atamngoja daktari mkuu wa zoni au atatuma mtu kuuliza. Mashine kwa kawaida huziba pengo kwa kile kinachotokea mara nyingi mahali pengine, na huandika kwa ufasaha uleule iwe imepatia au imekosea. Pengo lisiloandikwa halionekani kwenye skrini. Litaonekana kwenye ripoti ya mwezi, pengine baada ya mwaka.

Daftari la mabadiliko

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na programu ni mali. Mwaka 2005 Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, aliandika programu ya Git ili maelfu ya watu waweze kufanya kazi juu ya msimbo mmoja bila kuharibiana. Git huhifadhi kila hatua ya mabadiliko pamoja na jina la aliyebadilisha, saa, na maneno machache ya sababu. Ukitaka kujua programu ilikuwaje Machi mwaka jana, unarudi Machi. Ukitaka kujaribu wazo, unafungua tawi la pembeni, na likishindikana unalifuta bila kugusa kazi inayotumika. Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kuuweka waraka wa mahitaji ndani ya daftari hilohilo, ubavuni mwa msimbo, ili kanuni inapobadilika ionekane imebadilika kabla ya programu kubadilika.

Kanuni za afya hubadilika kweli. Dozi ya pili ya surua imeingia katika ratiba ya Kongo katika miaka ya karibuni, na Oktoba 2024 nchi ilianza kutoa chanjo ya malaria, ikianzia Kongo Central. Kila badiliko la namna hii huacha maswali: mtoto aliyehudumiwa kabla ya kanuni mpya, je, ahesabiwe kuwa amemaliza chanjo au la? Bila historia, programu itawapima watoto wa jana kwa kanuni ya leo, na asilimia ya chanjo itaporomoka ghafla kwenye ramani ya Kinshasa ilhali kituoni hakuna kilichoharibika. Penye historia, daktari mkuu wa zoni ataonyesha siku ambayo kanuni ilibadilishwa, nani aliidhinisha, na kwa nini.

Kasongo yenyewe ina ushahidi wa thamani ya kuweka kumbukumbu. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Matokeo yalizua ubishi, kwa sababu yalionyesha kwamba faida ya uhai waliyokuwa nayo waliochanjwa ilipungua kadiri watoto walivyokua. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Denmark Peter Aaby na wenzake walizirudia takwimu za Kasongo pamoja na za kwingineko, wakafikia hitimisho lililo tofauti, kwamba chanjo hiyo huokoa watoto zaidi ya wale ambao wangeuawa na surua peke yake. Ubishi wa namna hiyo una faida, na uliwezekana kwa sababu mbinu na hesabu ziliandikwa, watu wengine wakaweza kuzipitia upya. Programu isiyo na waraka wala historia haibishaniki. Inaaminiwa au inaachwa.

Ushahidi wa karibuni unatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2021 na 2022 vituo 40 vya afya katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, Tanzania, viliingizwa katika jaribio la programu iitwayo ePOCT+, inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua anapomchunguza mtoto mgonjwa. Katika vituo vilivyofuata utaratibu wa kawaida, watoto 70.1 kati ya 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye programu walikuwa 23.2, bila watoto kupona vibaya zaidi. Programu hiyo haikuwa akili unde ya kukisia. Ilikuwa mti wa maamuzi ulioandikwa na kujadiliwa na wataalamu, kisha ukageuzwa kuwa msimbo. Shirika la Afya Duniani nalo limekwenda njia hiyo kupitia mpango wake wa SMART Guidelines uliotangazwa 2021: kati ya mwongozo wa tiba na programu, limeweka ngazi ya waraka unaoeleza kwa lugha ya kawaida data gani zikusanywe na maamuzi gani yafanywe, halafu ngazi ambayo kompyuta inaweza kuisoma. Akili unde imekuja kuharakisha ngazi ya mwisho. Za juu yake bado zinahitaji watu.

Wanaopinga wanasemaje

Pingamizi la kwanza ni la haraka: ikiwa faida ya mashine ni wepesi, kwa nini tuirudishe kwenye makaratasi? Wepesi wenyewe si wa kuaminiwa kwa macho. Julai 2025 shirika la utafiti METR lilichapisha jaribio lililohusisha waandishi 16 wazoefu wa programu na kazi 246 halisi. Walipotumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Jaribio hilo lilihusu wataalamu waliokuwa wakifanya kazi katika misimbo waliyoijua kwa miaka, kwa hiyo halithibitishi kwamba anayeanza hatafaidika. Linathibitisha kwamba hisia ya kasi si kipimo cha kasi. Tena gharama ya kosa haiko sawa kila mahali. Mjini Nairobi kosa hurekebishwa usiku na watumiaji hupata toleo jipya asubuhi. Katika njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, ambako masika hugeuza barabara kuwa tope, toleo bovu linaweza kukaa kwenye simu za wauguzi kwa wiki nyingi. Siku mbili za kuandika waraka ni bei nafuu.

Wengine wanasema, kwa haki, kwamba hakuna anayeweza kuona yote mbele. Historia ya kompyuta imejaa miradi iliyoandikiwa vitabu vinene vya mahitaji, ikajengwa kwa miaka, ikafika ikiwa imepitwa na wakati. Lakini pingamizi hili linashambulia waraka uliogandishwa, na waraka uliomo ndani ya daftari la mabadiliko haugandi. Huanza na kurasa mbili, hupelekwa vituo viwili, hurudi na masahihisho, na kila sahihisho huandikwa. Kwa kweli mashine imeifanya njia hii iwe rahisi kuliko zamani: kanuni ikibadilika asubuhi, msimbo unaweza kuandikwa upya jioni na kupimwa kwa mifano ileile. Waraka ukiwa mzuri, msimbo unaweza hata kutupwa na kuandikwa tena na msaidizi mwingine.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: mashine hupewa maagizo na isiyatii. Julai 2025 msaidizi wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika ya mfanyabiashara mmoja wa Marekani, ingawa alikuwa ameagizwa waziwazi asibadilishe chochote, kisha akadai kwamba data haziwezi kurudishwa. Zilirudishwa. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani na kutangaza kwamba data za majaribio zitatengwa na data halisi. Kisa hiki hakiubatilishi waraka. Kinaonyesha kwamba waraka peke yake ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni mamlaka: msaidizi afanye kazi katika tawi la pembeni, asiwe na ufunguo wa data halisi, kazi yake ipite kwenye mifano ya majaribio, na mtu mwenye jina aidhinishe kabla haijaunganishwa. Kinachorudishika ndicho pekee kinachofaa kukabidhiwa mashine.

Kisha kuna wanaouliza: Git ya nini mahali ambapo umeme ni wa sola na mtandao huja na kuondoka? Kwa kweli Git inafaa mahali kama hapa kuliko mifumo mingi ya kisasa. Kila nakala yake hubeba historia nzima, hufanya kazi bila intaneti, na historia hiyo inaweza kufungwa katika faili moja ikasafiri ndani ya flashi mfukoni mwa dereva. Msaidizi mwenyewe huhitaji mtandao, lakini anaweza kutumiwa Kindu siku ambayo mtandao upo. Waraka na historia hubaki hai Kabambare siku ambayo haupo. Vita navyo vimetufundisha. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, miji ambayo Maniema huitegemea kwa benki, bidhaa na mafundi ilikatika ghafla na watu wakatawanyika. Mfumo ambao maelezo yake yamo kichwani mwa fundi mmoja, na msimbo wake kwenye kompyuta yake peke yake, huondoka naye.

Linabaki suala la lugha na siri. Wasaidizi hawa wanaelewa Kiingereza na Kifaransa vizuri kuliko Kiswahili, na Kiswahili cha Maniema kinawachanganya zaidi. Hiyo si sababu ya kuuacha waraka uwe wa Kifaransa tu. Mashine ipewe nakala ya Kifaransa ikiwa ndiyo inayoielewa, lakini nakala ya Kiswahili iwepo kwa ajili ya muuguzi na kamati ya afya ya kijiji, kwa kuwa hao ndio wanaojua kwamba mtoto hukumbukwa kwa msimu. Msimbo hawawezi kuukagua. Kanuni iliyoandikwa kwa lugha yao wanaweza. Kuhusu siri, Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 13, 2023, inayolinda data za watu, na orodha ya watoto wa Saramabila haina sababu ya kubandikwa katika kompyuta za kampuni ya ng'ambo ili mashine "ielewe mfano". Waraka wenye watoto wa kubuni unaondoa kishawishi hicho.

Kwa hiyo wenye fedha na mamlaka, iwe wizara, mkoa au wafadhili, wana kipimo chepesi cha kutumia. Anayeleta programu kusini mwa Maniema, awe ameiandika kwa mkono au kwa akili unde, asilipwe malipo ya mwisho kwa kuonyesha skrini inayong'aa. Aulizwe vitu vitatu: waraka wa mahitaji katika lugha ambayo wauguzi wanaisoma, historia kamili ya mabadiliko ikiwa mikononi mwa zoni yenyewe, na mifano ya majaribio ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Akikosa kimoja, amejenga kitu ambacho yeye peke yake anaweza kukitengeneza, na zoni itabaki mteja wake daima. Akiwa navyo vyote vitatu, fundi mwingine au mashine nyingine inaweza kuendelea kesho, na watu wa Kasongo na Kabambare watabaki na neno la mwisho juu ya kanuni zinazowahusu watoto wao.